Redio ya Volti 12 Ndani ya Kamyo

Mashofere na mafundi wa Masisi na Walikale, leo tunaongelea redio, ramani na skrini za ndani ya kamyo.

Kamyo kubwa nyingi zina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, jumla volti 24. Redio ya gari ndogo inataka 12. Basi fundi anavuta waya kwenye betri moja tu, muziki unalia, kila mtu anafurahi. Ubaya hauonekani siku hiyo. Betri ile inashuka, alternata inachaji zote mbili kwa pamoja: nzima inazidishiwa, iliyochoka haijai. Mwishowe zote zinakufa, na kamyo inagoma kuwaka katikati ya matope. Nunueni kipunguza volti, cha 24 kwenda 12. Fyuzi iwe karibu na betri, maana waya uliochunika bila fyuzi unaweza kuunguza kabini nzima.

Ramani je? Simu hupokea mawimbi ya setilaiti bila mtandao wala uniti, mradi mmepakua ramani mkiwa bado Goma. Ila haijui daraja lililokatika jana. Hilo waulizeni wanaotoka kule.

Na skrini ya video mbele ya shofere, kwenye miteremko ya Masisi? Hapana, ndugu zangu. Iondoeni.