NENO LA MWENYEKITI WA TAWI: WATOTO WETU WANAOSOMEA UDAKTARI



Watoto hawa tunawachangia ada na kuwaita "dokta" hata kabla hawajamaliza, kisha wanaona haya kutuambia wamelemewa. Anayewaza kujiua anaogopa mara mbili. Wodi anayojifunzia ndiyo atakayotibiwa, wenzake wasome faili lake. Na Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Mgonjwa anageuzwa mshtakiwa.

Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Nasi tumwombe mbunge wetu apeleke hoja ya kukifuta chetu.

Wakati tunasubiri, wazazi, muulizeni mtoto waziwazi: "Mwanangu, unawaza kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, msimgombeze wala msimwache peke yake. Mpelekeni Bombo, au hospitali nyingine asikojulikana.

Mtihani hurudiwa. Mtoto kwanza, udaktari baadaye.

Wasomeeni na wasio na simu.