SAUTI YA TANO
Hotuba ya Jubilei ya Miaka 50 ya Kwaya, Voi

 

Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya sauti. Historia ya kwaya yetu mtaisoma katika kurasa zinazofuata, na wenyeji wa historia hiyo wako hapa mbele, wengine na fimbo zao. Mimi ningependa kwenda nyuma zaidi ya miaka 50. Nataka tuulize sauti ya mwanadamu ni kitu gani, imetoka wapi, na ina nini ndani yake ambacho bado hatujakisikia. Nina sababu ya kuuliza leo. Kamati itaketi mwezi ujao kuamua kama kwaya hii igawanywe mara mbili: vijana waimbe na kinanda na vipaza sauti, na wazee wapumzishwe kwa heshima. Kabla hatujaamua, tuijue kwanza mali tunayotaka kuigawa.

Tuanze na koo. Ndani ya koo la kila mmoja wetu kuna nyuzi mbili ndogo za nyama, urefu wake karibu sawa na upana wa ukucha wa kidole gumba. Hewa ikipanda kutoka mapafuni, nyuzi hizo hutikisika. Besi akiimba noti ya chini, hutikisika kama mara 100 kwa sekunde moja. Soprano akipanda juu, hupita mara 800. Kazi yote ya kwaya hii kwa miaka 50 imefanywa na vinyama hivyo vidogo, pamoja na pumzi.

Si sisi peke yetu tuliopewa chombo hiki. Sisi wa Voi tunaishi na jirani wakubwa, ndovu wa Tsavo. Wataalamu wamegundua kwamba ndovu huzungumza kwa ngurumo za chini sana, nyingine chini ya mitikisiko 20 kwa sekunde, ambapo sikio la mtu halifiki. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba koo la ndovu hufanya kazi kama letu: hewa inapita, nyuzi zinatikisika. Tofauti ni ukubwa tu. Kwa hiyo, tena na besi, msijisifu sana. Hapo nje ya ua kuna besi ambaye hamtamfikia.

Na kuna habari nyingine ya ndovu ambayo kila mwanakwaya wa Voi anapaswa kuijua. Mwaka 2005, mtafiti Joyce Poole na wenzake waliandika katika jarida la Nature juu ya ndovu jike wa miaka 10 aitwaye Mlaika, aliyekuwa katika kundi la ndovu yatima hapa hapa Tsavo. Boma lao la usiku lilikuwa kilomita 3 kutoka barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Baada ya jua kutua, Mlaika alikuwa akitoa sauti isiyo ya ndovu. Walipoipima, walikuta inafanana na mngurumo wa malori yanayopita barabarani. Alikuwa amesikiliza, akajifunza, akaiga.

Msicheke tu, maana jambo hili ni adimu. Wanyama wengi huzaliwa na sauti zao na hufa nazo hizo hizo. Mbuzi aliyelelewa na mbwa habweki. Hata sokwe, anayetukaribia kwa umbo, hawezi kujifunza wimbo. Wanaojifunza sauti mpya kwa kusikia ni wachache: baadhi ya ndege, popo, nyangumi, pomboo, sili, ndovu na mwanadamu. Kabla ya kuwa na kinywa kizuri, mwimbaji ni mtu mwenye sikio. Kwaya huanzia masikioni.

Sasa, sauti hii ya mwanadamu ni ya zamani kiasi gani? Sauti haiachi mfupa. Hata hivyo, kuna mfupa mdogo mmoja chini ya ulimi, wenye umbo la kwato ya farasi, ambao hushikilia koo. Huko Dikika, Ethiopia, Zeresenay Alemseged na wenzake walipata mifupa ya mtoto aliyeishi zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita, nao mfupa huo ukiwamo. Ulifanana na wa sokwe. Mfupa kama huo uliopatikana mwaka 1983 katika pango la Kebara, Israeli, wa mtu wa kale aliyeishi miaka kama 60,000 iliyopita, unafanana na wetu. Na hapa kwetu Kenya, mwaka 1984, Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani, aliona kipande cha mfupa karibu na Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kikaongoza kwenye mifupa ya kijana wa miaka milioni moja na nusu hivi. Watafiti walipopima njia ya neva katika uti wake wa mgongo waliikuta nyembamba, na baadhi yao wakasema kijana huyo hakuweza kuitawala pumzi yake kama sisi tunavyofanya tunapoimba. Wengine wamewapinga. Mjadala unaendelea, na mimi sikuja kuumaliza kanisani.

Lakini oneni wanabishana juu ya nini. Wanabishana juu ya pumzi. Maandiko nayo yanapoeleza mtu alivyopata uhai, yanataja pumzi. Mwalimu wa kwaya anayewagombeza kwa kukata pumzi katikati ya neno yuko katika mada nzito kuliko mnavyodhani.

Jambo moja zaidi la asili. Mwaka 2022, watafiti wakiongozwa na Takeshi Nishimura wa Japani walichunguza makoo ya aina 43 za nyani na sokwe. Wote walikuwa na utando mwembamba juu ya nyuzi za sauti, unaowasaidia kupiga kelele kali. Mwanadamu peke yake hana. Tulipungukiwa na kitu kooni, na kwa kupungukiwa huko tukapata sauti tulivu, inayoweza kushika noti moja bila kupasuka. Kelele tuliiacha, tukapewa wimbo.

Sasa nije kwenye sauti zilizofichika. Wanakwaya, mnajua do, re, mi. Besi akishika do ya chini, mnadhani ameimba noti moja. Sivyo. Nyuzi zikitikisika mara 100, ndani ya sauti hiyo hiyo kuna mtikisiko wa 200, wa 300, wa 400, wa 500, na kuendelea kama ngazi. Ya 200 ni do ya juu yake. Ya 300 ni so. Ya 400 ni do tena. Ya 500 ni mi. Ya 600 ni so. Maana yake, besi mmoja akiimba peke yake, tayari amebeba do, mi na so tumboni mwake. Tena, alto na soprano wanapoingia, wanatoa nje kile kilichokuwa ndani yake tangu mwanzo.

Kwa kawaida hatuzisikii sauti hizi moja moja. Zimeungana na kuwa rangi ya sauti, ile inayokufanya umtambue mama yako kwenye simu kabla hajataja jina. Lakini wapo watu waliojifunza kuzitenganisha. Watuva na Wamongolia wa Asia huimba noti moja nzito kutoka kooni, kisha kwa ulimi na midomo huchagua ngazi moja ya juu na kuikuza mpaka ilie kama filimbi. Mtu mmoja, noti mbili kwa wakati mmoja.

Na msidhani ni mambo ya Asia tu. Afrika Kusini, katika kijiji cha Ngqoko karibu na Lady Frere, wanawake wa Kixhosa huimba namna hiyo, na huiita umngqokolo. Dunia ya wasomi ilianza kuwajua katika miaka ya 1980 kupitia Dave Dargie, wakati huo padri Mkatoliki aliyekuwa akifanya kazi ya muziki wa kanisa. Mmoja wa waimbaji hao, Nowayilethi Mbizweni, alikuwa na mtindo uliotokana na mchezo wa wavulana. Walimshika mdudu wa mabawa magumu, wakamweka mbele ya mdomo akivuma, kisha wakabadilisha umbo la mdomo ili kuchagua sauti za juu za mvumo ule. Mama yule akafanya vivyo hivyo bila mdudu.

Karibu nasi zaidi, Wagogo wa Dodoma wamejenga muziki wao juu ya ngazi hii ya asili, kuanzia hatua ya nne hadi ya tisa. Ndiyo maana ukimsikiliza marehemu Hukwe Zawose na zeze lake, aliyefariki mwaka 2003, unasikia noti ambazo kinanda hakina. Na jirani zetu Wamaasai, bila ala, humwachia kiongozi mmoja wimbo huku wengine wakishika mvumo mzito wa koo chini yake.

Mnaotaka kujaribu, fanyeni hivi nyumbani, bafuni au kwenye chumba kitupu. Shika noti ya chini, taratibu, kwa "u". Bila kubadili noti, enda polepole kwenye "o", "a", "e", mpaka "i", midomo ikiwa imekaza kidogo. Rudi tena. Sikiliza juu ya sauti yako, si ndani yake. Baada ya siku kadhaa utaanza kusikia kitu chembamba kikipanda na kushuka. Usilazimishe koo. Likikwaruza, acha. Na yeyote ambaye sauti imemkauka zaidi ya wiki tatu asijitibu kwa tangawizi peke yake, aende hospitali.

Sijawaletea haya ili Jumapili ijayo tuimbe kama Watuva. Nimewaletea kwa sababu ya kitu kinachotokea katika kwaya. Huko Castelsardo, katika kisiwa cha Sardinia, Italia, wanaume wanne wa chama cha kanisa huimba nyimbo za Juma Kuu. Wakipatana sawasawa, sauti za juu zilizo ndani ya kila mmoja hukutana, na juu ya vichwa vyao husikika sauti ya tano ambayo hakuna anayeiimba. Wanaiita quintina, nao huihusisha na Bikira Maria. Akikosea mmoja, inatoweka. Hakuna anayeweza kusema ni yake.

Ili sauti ya tano ije, panahitajika mambo matatu. Kwanza, irabu moja: wote waseme "a" ile ile, si kila mtu na ya kwao. Pili, noti safi, na hapa kinanda hakitusaidii. Mi ya kinanda iko juu kuliko mi ya asili, karibu sehemu moja kwa saba ya nusu toni. Ni kidogo, lakini inatosha kuifukuza sauti ya tano. Kinanda ni kizuri, nami nakipenda, ila kwaya isiyoachana nacho hata jioni moja kwa wiki haitaisikia sauti hiyo kamwe. Tatu, panahitajika besi ya chini iliyotulia, kwa sababu ngazi husimama juu ya ardhi.

Na sasa, ndugu zangu wa kamati, besi hiyo iko kwa nani? Imeketi pale, mstari wa nyuma, yenye mvi. Wazee wetu hawakimbii tena na noti za haraka, hilo tunakubali. Lakini kijana wa miaka 18 hana bado uzito ule; koo lake linaendelea kukua. Na mzee naye peke yake ana ardhi bila nyumba, maana so na mi zilizo ndani yake zinangoja soprano za wasichana hawa ziwe wimbo. Tukiwagawa, hatutapata kwaya mbili. Tutapata nusu mbili.

Ombi langu kwa kamati ni hili. Vijana wapeni kinanda chao na vipaza sauti vyao. Wana haki navyo. Lakini jioni moja kila wiki, kwaya yote iketi pamoja, mzee kati ya vijana wawili, bila ala, bila umeme, wimbo mmoja tu, mpaka upatane. Fanyeni hivyo mwaka mmoja kabla ya kupiga kura yoyote.

Siku mtakapoisikia sauti ya tano, kila mmoja atamgeukia jirani yake kuuliza ni nani anayeimba. Hapo mtakuwa na jibu la kuwapa kamati.

Hongereni kwa miaka 50. Mungu awabariki, na awalindie pumzi zenu.