Kadutu nayo iko na urithi wake



Ukimuuliza mgeni kitu gani cha zamani kinapendeza Bukavu, atakuonyesha nyumba za Wabelgiji kule Ibanda, zile zenye kona za mviringo na veranda zinazoangalia ziwa. Sikatae, ni nzuri. Zinakumbusha wakati muji wetu uliitwa Costermansville. Lakini wafanyakazi weusi wa muji ule, wengi wao walikuwa wanalala wapi? Jioni walikuwa wanapanda huku kwetu, Kadutu.

Sasa ninauliza: nyumba ya bwana ni urithi, na nyumba ya mfanyakazi wake ni nini?

Karibu na kwetu ilikuwa nyumba moja ya matofali, manjanja yake imeota kutu, mlango wa bluu. Wazee walikuwa wanakaa pale mangaribi na kutuhadisia Kadutu ya zamani. Wenyewe wakaiuza, na kwa siku chache tu ikawa chini. Leo pale kuko nyumba ya etaji. Siwalaumu. Mtu mwenye watoto wa kusomesha anauza alicho nacho. Ninajilaumu mimi. Siku ile nilikuwa na telefone mfukoni, na diplome nyumbani, na hakuna kazi iliyokuwa inaningoja. Nikasimama, nikaangalia kuta zikianguka, na sikupiga hata picha moja.

Angalieni Nyawera. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa pale tarehe 29 Oktoba 1996. Sisi tuliozaliwa nyuma yake tunajua pahali penyewe juu wazazi walituonyesha. Pahali panakuwa urithi namna ile: watu wanakataa kusahau.

Sisi nasi tuko na pahali petu. Stade de la Concorde, pahali Muungano na Dawa zimetukausha koo. Soko letu kubwa, penye mama zetu wametoa minerval zetu. Na nyumba za kwanza za matofali, zile bado zimesimama katikati ya mbao.

Sheria iko upande wetu. Ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni. Katiba ya 2006, kifungu cha 46, inasema Leta inalinda urithi wa utamaduni wa taifa. Na kifungu cha 27 kinapatia kila Mkongomani haki ya kuandikia wakubwa petisyo, peke yake ao pamoja na wengine, na wao wanapaswa kujibu ndani ya miezi 3.

Basi tufanye kazi hii. Kila avenyu ichague nyumba moja na pahali pamoja. Piga picha. Keti na mzee, umuulize nani alijenga, nani alikaa mule, andika jibu lake. Mwenye nyumba umuombe ruhusa kwa heshima, nyumba ni yake. Kisha tutie sahihi petisyo moja kwa komini: orodha yetu ipokelewe, na pahali pa watu wote pasiuzwe kwa siri.

Siku tutakapoiweka, tutaandika tarehe. Wakijibu, tutasoma jibu pamoja. Miezi 3 ikipita kimya, kesho yake asubui tutakuwa mbele ya mlango wa komini, na karatasi yetu mkononi.