Tuhesabu Miti Iliyopona

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kamati katika mkutano wa wanachama, Nakuru)



Kamati imetutuma tuseme juu ya miti ya shule. Twajua wengine mtauliza jambo hili lahusu nini chama cha wafanya kazi. Mtasema mishahara haijaongezwa, nyumba zavuja, na ninyi mwatuletea habari za miti. Twawaomba mvumilie mpaka mwisho, kwa maana jambo hili lagusa saa zetu za kazi, siku yetu ya kupumzika, maji tunayokunywa, na watoto wetu.

Shule ambako wengi wetu twasomesha watoto yataka kufanya mapatano na wazazi, na kampuni, na chama chetu, ili tupande miti na kuweka matangi ya maji ya mvua. Mwalimu mkuu ametuandikia barua ya heshima. Kamati imeisoma, na ushauri wetu ni kwamba tukubali, lakini kwa masharti. Leo twaeleza masharti hayo na sababu zake.

Kwanza tuseme kweli juu yetu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulikwenda kupanda miti katika shule nyingine ya upande wetu. Ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua imeanza. Walikuja wageni wengi, kampuni ikatoa fulana na kofia, na gari la spika likapiga muziki. Tulipanda miche 400 kwa siku moja. Kila mgeni aliweka mche wake shimoni, akapigwa picha, akanawa mikono, akaenda zake.

Februari iliyofuata tulirudi shuleni kwa mkutano wa wazazi, tukaihesabu ile miche. Tulikuta 31. Mingi ilikuwa imekauka, mingine ililiwa na mbuzi. Mingine iling'olewa na watoto wapate mahali pa kuchezea mpira, nao hawakukosa, kwani ni sisi tuliopanda katikati ya uwanja wao bila kuwauliza.

Nani alikosa? Twaweza kusema ni kampuni, au ni walimu. Lakini sisi nasi tulikuwako, tulikunywa soda, na katika zile picha tumo. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeuliza: Mwezi wa Desemba, nani atatia maji?

Ndugu, swali hilo ndilo jambo lote. Tazameni kalenda. Sisi wa Nakuru hupanda wakati wa mvua ya masika, Aprili na Mei. Mche hukaa vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha shule hufungwa kwa likizo ndefu mwishoni mwa mwaka, watoto huenda nyumbani, na walimu vivyo hivyo. Papo hapo kiangazi huingia, na Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote. Mche unahitaji watu zaidi wakati ule ambao shule haina watu. Kwa hiyo shule peke yake haiwezi, hata mwalimu awe hodari namna gani. Wanaobaki ni sisi tunaokaa katika nyumba za kampuni na vijiji vya jirani. Siku ya kupanda ni ya wageni, lakini siku ya kutia maji ni ya wenyeji.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Marehemu Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, kina mama wa vijijini walikuza miche na kuitunza, nao wakapewa fedha kidogo kwa kila mche uliopona. Angalieni neno hilo: uliopona. Hawakulipwa kwa mche uliotiwa shimoni. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, na dunia yote ikasifu miti yake. Sisi twasifu pia hesabu yake.

Wazee wetu waliofanya kazi katika misitu ya Elburgon na Molo wanakumbuka desturi nyingine, ile iliyoanzishwa nchini mwaka 1910 na kuitwa mpango wa shamba. Mfanya kazi alipewa kipande katika msitu, akapanda mahindi na viazi katikati ya miche ya Serikali. Akipalilia viazi vyake, alikuwa anapalilia na mti. Mpango huo ulikuwa na taabu zake, na mahali ambapo haukusimamiwa vizuri mashamba yalibaki na miti haikuonekana. Lakini watufundisha kwamba mtu hutunza mti vizuri ikiwa ana faida yake karibu na mti huo.

Na watoto tusiwadharau. Mwaka 1968, mwaka uleule Ziwa Nakuru lilipofanywa mbuga ya taifa, wanafunzi wa shule za sekondari wa Kenya walianzisha vyama vyao vya kulinda wanyama, Wildlife Clubs of Kenya. Vyama hivyo vipo mpaka leo.

Sasa tuseme kwa nini jambo hili ni letu. Mto Njoro, Makalia na Nderit yote yatoka Mau ya Mashariki, na yote huingia Ziwa Nakuru. Mwaka 2001 Serikali iliondoa katika hifadhi zaidi ya hekta 35,000 za Mau ya Mashariki. Tangu misitu ilipopungua, wakati wa mvua maji hushuka kwa nguvu yakibeba udongo wa mashamba, na wakati wa kiangazi Mto Njoro hukauka sehemu za chini. Ziwa nalo mmeliona wenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 lilikaribia kukauka kabisa. Kisha tangu mwaka 2010 likaanza kupanda, kutoka kilomita za mraba kama 40 mpaka zaidi ya 60, likafunika lango kuu la mbuga na kuwatoa watu katika nyumba zao. Ripoti ya Serikali ya mwaka 2021 ilisema sababu kubwa ni kuzidi kwa mvua, na kwamba udongo unaoletwa na mito nao unaongeza taabu.

Hatusemi kwamba miti 150 ya shule moja itashusha ziwa. Atakayewaambia hivyo anawadanganya. Lakini itazuia udongo wa kilima cha shule usiingie madarasani, itawapa watoto kivuli, na itawafundisha kazi ambayo wataifanya mahali pakubwa zaidi kuliko hapa.

Juu ya maji ya kunywa, mwajua meno ya watoto wengi wa Bonde la Ufa yana rangi ya kahawia. Sababu ni floridi iliyomo katika maji ya visima vingi vya huku. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vyetu hupita mpaka huo. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi nzuri ya kutengeneza vichujio vya makaa ya mifupa ya ng'ombe, vya nyumbani na vya shule. Na maji ya mvua yanayotoka kwenye bati safi karibu hayana floridi. Kwa hiyo twataka matangi mawili: moja la kunywa, lenye kifuniko na kufuli, na moja la miti. Yasichanganywe.

Tufanye hesabu, kwa maana mwaka ule wa miche 400 hatukuifanya. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Jengo la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 ni mita za mraba 160. Mvua ya milimita 10 yatoa lita 1,600. Tukiondoa yanayomwagika, tuseme lita 1,300. Mvua nane za namna hiyo hujaza tangi la lita 10,000.

Mche mmoja tuupe lita 4 kila juma katika kiangazi. Miche 400 ingetaka lita 1,600 kwa juma, na tangi lingekwisha baada ya majuma sita. Miche 150 yataka lita 600 kwa juma, yaani lita 7,200 kwa majuma 12, na maji yatabaki. Basi tupande 150. Familia 30 zikijiandikisha, kila familia itakuwa na miche mitano, na kazi yake ni debe moja la maji kwa juma. Kidole kimoja hakivunji chawa, na familia moja haiwezi kutunza shule nzima. Lakini debe moja hatuwezi kusema ni mzigo.

Masharti yetu ni haya matano.

La kwanza. Siku ya kupumzika ni yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Tumewahi kuona nyapara akiita majina penye kupanda miti siku ya Jumapili, na asiyefika akatazamwa kwa jicho baya Jumatatu. Huko si kujitolea. Anayependa aje kwa hiari yake, bila daftari la nyapara. Kampuni ikitaka watu wake wapande miti kwa jina lake, na iwe saa za kazi na kwa mshahara.

La pili. Watoto si vibarua. Kutunza mche darasani na bustanini ni masomo, lakini kuchota maji mtoni kwa vichwa saa za masomo si masomo. Tena mitungi iliyokuwa na dawa za shambani isikanyage shuleni, hata ikioshwa mara kumi.

La tatu. Mahali na aina ya miti vikubaliwe kwanza na walimu, wazazi na wanafunzi, kwa shauri la afisa wa misitu. Uwanja wa mpira usiguswe. Mikaratusi isipandwe kando ya mto wala chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi. Miti ya kuni za jiko la shule iwe na kipande chake mbali, ili mpishi asilazimike kukata miti ya kivuli.

La nne. Fedha za kampuni zitolewe mara mbili: nusu wakati wa kupanda, na nusu baada ya kuhesabu miche mwezi wa Februari. Hesabu ifanywe na mwalimu mmoja, mzazi mmoja, mwanafunzi mmoja na mtu mmoja wa chama, na ibandikwe ubaoni wazi. Mche uliokufa upandwe mwingine mvua ikirudi.

La tano. Miti ni mali ya shule. Usikatwe wala kuuzwa hata mti mmoja bila azimio la bodi ya shule pamoja na mkutano wa wazazi, na fedha zake ziandikwe katika vitabu vya shule.

Haya yote yaandikwe na kutiwa sahihi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 69 chamtaka kila mtu ashirikiane na Serikali kuyalinda. Haki na wajibu vimekaa pamoja. Nasi tukidai kimoja tusikimbie kingine.

Twamaliza kwa neno lililosemwa na mzee mmoja katika kamati yetu. Alisema: "Mimi nakaa katika nyumba ya kampuni. Siku nikistaafu nitapewa siku chache nitoke, nirudi kwetu nisikokujua tena. Kwa nini nipande mti ambao sitaketi chini yake?" Hatukuweza kumjibu upesi, maana asemayo ni kweli, na wengi wetu hapa ni kama yeye. Hatuna hata hatua moja ya ardhi katika bonde hili tulilolilima miaka 20 na 30.

Lakini tulifikiri hivi. Nyumba ni ya kampuni, na shamba ni la kampuni. Shule ni mahali pekee ambapo jina la mtoto wetu limeandikwa kitabuni, na hakuna awezaye kulifuta kwa sababu baba yake amestaafu. Tukiweka kitu hapo, kitabaki. Yule mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye aandikiwe miche mitano, na jina lake ni la kwanza katika orodha.

Zimebaki familia 29. Karani anayo karatasi pale mlangoni. Msitie sahihi kwa kuona haya, wala kwa kuwa jirani ametia. Atie sahihi yule tu ambaye Januari, jua likiwa kali na wageni hawapo, atakwenda na debe lake.

Umoja ni nguvu.