Mikono Iliyogusa Kichwa cha Firauni: Vinyozi na Wasusi wa Misri ya Kale



Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, katika enzi ya Mfalme Niuserre, aliishi Misri mtu aitwaye Ptahshepses. Alianza utumishi wa ikulu akiwa mtunza nywele wa mfalme. Akapanda hadi kuwa waziri mkuu, akamwoa binti wa mfalme, na kaburi alilojijengea Abusir ni miongoni mwa makubwa kabisa ya watumishi wa zama hizo. Wengi husimulia habari hii kama kioja. Mimi nashikilia kwamba hakuna njia bora ya kuielewa Misri. Mfalme alihesabiwa mungu. Mtu aliyeruhusiwa kumsogelea na wembe mkononi aliaminiwa kuliko jemadari. Saqqara nako, Niankhkhnum na Khnumhotep, wakuu wa watunza kucha wa mfalme huyohuyo, walizikwa pamoja katika kaburi lililochorwa kwa ufundi wa hali ya juu.

Kinyozi wa mtaani hakuwa na bahati hiyo. Utungo mmoja uliotumika kufundishia waandishi chipukizi humwonyesha akizunguka mtaa hadi mtaa kutafuta vichwa vya kunyoa, jua linazama yeye bado yumo kazini. Na katika kaburi la Userhat, kule Thebes, tunawaona wanaume wamekaa chini ya miti wakingoja zamu ya kunyolewa. Kazi ni ileile. Heshima ilitegemea kichwa cha nani.

Kunyoa kulikuwa pia jambo la ibada: Herodotus, mwanahistoria Mgiriki aliyezuru Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba makuhani hunyoa mwili mzima kila baada ya siku moja, asije chawa akaingia nao mbele ya miungu. Watoto walinyolewa wakaachiwa shungi moja upande wa kulia, na aina fulani ya makuhani waliendelea kuvaa shungi hilo utu uzimani, kwa kuigiza mwana mtiifu anayemhudumia marehemu baba yake.

Lakini watu haohao walipenda nywele kupita kiasi, na hapa ndipo wigi lilipoingia. Mwaka 1906, mwanaakiolojia Mwitaliano Ernesto Schiaparelli alifungua kaburi la Kha na mkewe Merit pale Deir el-Medina. Humo alikuta wigi la Merit, la nywele halisi za binadamu, likiwa ndani ya kasha lake. Leo liko Torino, Italia. Wigi jingine lililopo London lilipakwa nta ya nyuki na utomvu ili mikunjo isifumuke. Mafundi wa mawigi walijua walichokifanya: nta huyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 60, kwa hiyo jua la Thebes halikuweza kuiyeyusha.

Wenye upara walipewa dawa. Gombo la mafunjo la Ebers, la takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo, linaagiza mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi-mwitu. Sioni sababu ya kuwacheka watu hawa. Fadhaa ya mtu anayepoteza nywele ni ya kweli katika kila zama.

Mwanahistoria anayetaka kujua nani alikuwa karibu na nani katika jamii ile, naomba aanzie kwenye nywele. Malkia Neferu, mke wa Mentuhotep II, alichongwa pamoja na msusi wake, na jina la msusi likaandikwa. Jiwe hilo limehifadhiwa Brooklyn. Na katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, kulikuwa na vijeneza vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine, na ndani kabisa fungu la nywele lenye jina la Malkia Tiye. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa maiti ya mwanamke iliyokuwa imehusishwa na nywele hizo ni ya bibi mzaa baba wa Tutankhamun.