Jina la Yesu: Je, Mbinguni Hawasikii Kiswahili?

Somo: Matendo ya Mitume 19:11-17



Tumechukua somo hili kwa sababu ya swali la mama mmoja mjane. Watu waliokuja kuomba naye walimwambia kwamba "Yesu" si jina la Mwokozi. Walisema jina lake ni Yahshua, na Baba anaitwa Yahweh, na anayeomba kwa jina lingine maombi yake yanaishia kwenye mabati ya nyumba. Wakamtaka abatizwe tena. Hilo angeweza kulivumilia. Lakini mume wake alikufa akiliitia jina la Yesu hadi pumzi ya mwisho, na sasa mama anatuuliza: baba wa watoto wangu alimwita nani?

Swali hilo ni zito, na haliwezi kujibiwa kwa kupiga kelele.

Wanaofundisha hivyo hawakosi maandiko. Wanashika Matendo 4:12, kwamba hakuna jina lingine tulilopewa la kutuokoa. Wanashika Yoeli 2:32. Kisha wanasema: imeandikwa "jina", basi ni herufi zake na sauti yake. Nasi Wapentekoste tunapenda kuliamini Neno kama lilivyoandikwa. Ndiyo maana fundisho hili linaingia haraka kwetu kuliko kwa wengine.

Basi tuulize Biblia yenyewe inatumiaje neno "jina". Mithali 18:10 inalifananisha jina la Bwana na ngome ambayo mwenye haki anaikimbilia. Hakuna kati yetu aliyekwenda kutafuta mawe ya ngome hiyo. Zaburi 91:4 inataja manyoya na mbawa za Mungu, na hata mtoto wa shule ya Jumapili anaelewa kwamba ni habari ya ulinzi. Kutoka 34:14 inasema jina la Mungu ni Mwenye Wivu, lakini hatujasikia mtu akianza maombi yake kwa kumwita hivyo.

Angalieni hasa Mathayo 1. Katika mstari wa 21 malaika anamwambia Yusufu mtoto aitwe Yesu. Mistari miwili mbele, Mathayo anakumbusha unabii wa Isaya kwamba ataitwa Imanueli. Someni Injili zote nne. Hamtaona mtu hata mmoja akimwita barabarani, "Imanueli, njoo." Je, unabii ulianguka? Hapana. Ulitimia katika yale aliyokuwa: Mungu pamoja nasi. Kumbe katika Maandiko jina laweza kuwa mtu mwenyewe, kazi yake na mamlaka yake, hata kama hakuna aliyelitumia kumwita.

Sasa tuje kwenye herufi zenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanatishwa. Jina la Mungu katika Kiebrania liliandikwa kwa herufi nne, bila irabu. Kwa heshima Wayahudi waliacha kulitamka, na walipolifikia katika kusoma walisema Adonai, yaani Bwana. Karne nyingi baadaye, waandishi wao walipotia alama za irabu, waliweka pale irabu za Adonai ili msomaji akumbuke. Kutokana na kuchanganya hivyo tukapata "Yehova", mnayoiona katika Kutoka 6:3. Wataalamu wengi wanadhani zamani lilitamkwa "Yahweh". Ni wazo lenye sababu nzuri. Lakini kuufunga wokovu wa mjane kwenye jambo ambalo wataalamu wanalikadiria ni kumtwika mzigo ambao Bwana hakumtwika.

Na jina la Mwana? Ezra 3:2 inamtaja kuhani Yeshua mwana wa Yosadaki. Hagai 1:1 inamtaja mtu huyo huyo kuwa Yoshua. Biblia moja, kuhani mmoja, matamshi mawili. "Yahshua" wanayoidai haimo katika Kiebrania cha Agano la Kale. Wengine wanasema "Yesu" linatoka kwa Zeus, mungu wa Wagiriki. Si kweli. Wayahudi walipofasiri Torati kwa Kigiriki, zaidi ya miaka 100 kabla ya Bwana kuzaliwa, walimwandika Yoshua mwana wa Nuni kuwa Iesous. Kigiriki hakina sauti "sh", na majina mengi ya wanaume humalizika kwa "s". Mitume wakalipokea umbo hilo hilo, wakaliandika wakiongozwa na Roho Mtakatifu.

Wangeweza kulihifadhi la Kiebrania kama wangeona ni lazima. Marko alihifadhi "Efatha" na "Aba" vile vilivyotamkwa. Kwa jina la Bwana hakufanya hivyo, wala Luka, wala Paulo.

Tena tukumbuke siku ya Pentekoste, siku tunayojivunia! Roho aliposhuka, hakuwafundisha Waparthi na Waarabu Kiebrania. Kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Anayesali Nzambe kwa Kilingala, Imana kwa Kinyarwanda, Nyamuzinda kwa Kishi, yuko ndani ya Matendo 2.

Wana saba wa Skewa walikuwa Wayahudi, wa nyumba ya kuhani. Kama ni matamshi, nani angewashinda? Walilitaja jina la Yesu juu ya mwenye pepo, na pepo akajibu kwamba Yesu anamjua na Paulo anamfahamu, lakini wao ni akina nani? Wakakimbia uchi, wenye majeraha. Mtoto akitumwa dukani kwa jina la baba yake, mwenye duka hapimi ulimi wake. Anataka kujua kama baba amemtuma kweli.

Kwa hiyo, mama yetu, mume wako alimwita yule aliyezaliwa Bethlehemu, aliyesulubiwa wakati wa Pontio Pilato na kufufuka siku ya tatu. Alimwita kwa imani, na Matendo 3:16 inataja imani katika jina hilo. Yohana 10:3 inasema mchungaji ndiye anayewaita kondoo wake kwa majina. Ubatizo wako wa maji mengi ni ubatizo. Usiingie tena majini kwa hofu.

Msikilizaji mwingine asije akasema: basi yote ni mifano, hata ufufuo. La! Katika 1 Wakorintho 15 Paulo anataja mashahidi, Kefa, Yakobo, na ndugu zaidi ya 500, wengi wao wakiwa hai alipoandika. Mfano hauhitaji mashahidi. Mahali Biblia inasimulia tendo, tunashika tendo. Mahali inachora picha, tunatafuta Bwana anatuonyesha nini.

Waliokwisha kubatizwa mara ya pili wasifukuzwe kwenye korali wala kwenye meza ya Bwana. Wachungaji wakae nao, wasome nao Waefeso 4:5. Na anayependa kuimba "Yahweh" aimbe kwa furaha, ilimradi asimnyamazishe jirani yake anayeimba "Mungu".