Kinachomchosha Mfanyikazi Si Kazi Peke Yake



Uchovu wa saumu tunaujua: ukishafuturu na kulala, umekwisha. Leo nataka tuzungumze uchovu mwingine. Mtu aamka asubuhi kama hakulala, kazi aliyoipenda aiona mzigo, kila mteja amkera. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutambua uchovu huu, si kama ugonjwa, bali kama hali itokanayo na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa.

Wengi wetu husema, "Mpe likizo, atapoa." Likizo ni haki yake, lakini je, akirudi akute yale yale? Mtafiti wa Marekani Christina Maslach na mwenzake Michael Leiter wametaja mambo sita ya kazini yanayoleta uchovu huu, na uadilifu ni mojawapo. Huko Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu wafanyikazi wa hospitali ulionyesha kuwa walioona hawatendewi haki walikuwa na afya duni zaidi.

Si ajabu. Mtu atavumilia zamu za usiku akijua kesho ni zamu ya mwenzake. Lakini akiwekwa yeye kila wiki kwa sababu mwenzake ni jamaa ya bosi, hapo ana kazi mbili: ya mikono, na ya kuhesabu alivyodhulumiwa. Hii ya pili haina malipo, na huenda nayo hadi kitandani. Hata uamuzi mchungu humezeka mtu akisikizwa na kuelezwa sababu.

Sasa msiwacheke mabosi wa ofisini, maana na sisi ni mabosi. Yule dada wa kazi nyumbani ameamka saa tisa usiku kupika daku. Magharibi yuko jikoni akikaanga sambusa. Sisi twaenda tarawehe, yeye abaki na masufuria. Halafu twalalamika, "Siku hizi ana kisirani!" Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Ramadhani haikuondolewa humo.

Muulizeni leo siku yake ya kupumzika ni ipi. Na zamu ya kuosha vyombo iandikwe ukutani, majina ya wavulana yakiwemo.